Saa Tano na Dakika Kumi na Mbili

Asubuhi ya kwanza ya dawa za kifua kikuu, mkojo wangu ulitoka rangi ya Fanta. Sista wa kliniki alikuwa ameshaniambia, "Usishtuke, dada, ni ile rifampicin," lakini kuambiwa si kuona. Ploti yetu pale Kayole ina choo kimoja kwa vyumba sita. Nilimwaga ndoo nzima ya maji, nikachungulia, nikamwaga nyingine, jirani asije akaona. Hapo ndipo nilipoanza kuficha. Na ukiniuliza leo ni kipi kilichonichosha zaidi kabla sijazimaliza kilomita 42, kati ya mapafu, kisigino na huko kuficha, nitakujibu kabla hujamaliza swali.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nairobi nililetwa na kazi: nafunga hesabu za ghala moja Industrial Area. Ukoo wetu hauna mkimbiaji hata wa kusingiziwa. Nilianza Oktoba 2019, wiki ile Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, sisi tukiwa tumebanana kwenye buchari tukitazama runinga, mwenye nyama kaacha kukata. Jumatatu yake nilivaa raba za mtumba nikaenda uwanja wa Jacaranda, nikazunguka mara tatu, nikatapika. Jumanne nikarudi. Mama aliposikia alicheka simuni mpaka akapaliwa. "Wakimbia nini, mwanangu? Kuna mtu akufukuza huko?" Halafu akanipa ile yake ya siku zote, kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Pale Jacaranda nilikuta kundi. Siku njema tunafika kumi na watano: mwalimu mstaafu ambaye sote twamwita Mwalimu na basi, makanga wawili, fundi wa kuchomelea vyuma, wenye maduka, na dada mmoja wa saluni ambaye kasi yake na yangu zilikuwa sawasawa, hata kwa miaka miwili Outering Road niliijua kwa kusikiliza pumzi yake. Tukimaliza tunakunywa chai kibandani. Chupa moja, vikombe vinne. Ukishakunywa unamwaga masalio chini, unampa aliye nyuma yako.

Kikohozi kilinianza Juni 2022, na Nairobi mwezi wa Juni nani hakohoi? Kemisti wa kwanza alinipa dawa ya maji. Wa pili akanipa antibiotiki za siku tano. Zahanati moja ya kulipia ikasema ni aleji ya vumbi, ikaniandikia vidonge na bili. Ilipofika Agosti nilikuwa nageuza godoro usiku kwa jasho, na kilo 61 zilikuwa zimebaki 53.

Hapa pana kichekesho kinachonichoma mpaka leo: kundi lilinipongeza. "Sasa ndio umepata mwili wa marathoni!" Mwalimu mwenyewe alinipigia makofi. Mimi naliwa na ugonjwa, wao wanaona mazoezi yamejibu, na aibu ni kwamba nilifurahi. Saa ya mkononi peke yake ndiyo iliyosema kweli. Kilomita niliyokuwa nikiikimbia kwa dakika sita ilikuwa inanimaliza kwa nane, na kila tulipofika mahali pa kupanda nilisimama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Kamba zangu zilifungwa sana msimu ule.

Aliyenishtukia ni mdogo wangu ninayeishi naye. Hakunishauri, alinipeleka. Kituo cha afya wakanipa kikopo, nikakirudisha kesho yake alfajiri na makohozi ndani. Mashine wanayoiita GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, na juu ya kusema kama una kifua kikuu, inasema pia kama kidudu chako bado kinaisikia rifampicin au kimeshakuwa sugu. Changu kilisikia. Sista alinitangazia hilo kwa sauti ya mtu anayekupa hongera, na mimi, kwa kukosa la kusema, nikamshukuru.

Dawa zenyewe hazilipiwi. Ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza kidonge kimoja kimebeba dawa nne, kisha miezi 4 zinabaki mbili, isoniazid na rifampicin. Idadi ya vidonge hupimwa kwa uzito, na kwa kilo zangu 53 nilipewa vitatu kwa siku. Nilivimeza kabla ya kula, mdogo wangu akinikagua mdomo kama askari wa forodha. Juu yake kuna kidonge cha vitamini, B6, kwa kuwa isoniazid huweza kuzitia nyayo ganzi na michomo. Baada ya wiki kadhaa mizani ikasoma 56, sista akaniongezea kidonge cha nne. Nimepewa medali tatu maishani na hakuna iliyonifurahisha kama kile kidonge.

Lakini nirudi kwenye ile siku ya kwanza. Sista alifungua daftari akauliza: unalala na nani, unafanya kazi na nani, unasafiri na nani? Kidudu hiki huenda kwa hewa, hasa mahali palipofungwa, kwa hiyo waliokaa na mgonjwa huitwa wachunguzwe. Nikamtaja mdogo wangu. Nikawataja wawili wa ofisini. Kundi sikulitaja. Nilijiambia sisi tunakimbia nje, upepo unapeperusha kila kitu, na nikaisahau kwa makusudi ile matatu ya abiria 14 tuliyoikodi Julai kwenda kukimbia Machakos, madirisha yote yamefungwa, nami nakohoa kiti cha katikati bega kwa bega na yule dada wa saluni. Alikuwa ananyonyesha.

(Nina ugomvi wa zamani na Nairobi kuhusu dirisha la matatu. Lifungue upana wa kidole tu, abiria watatu watakugeukia kana kwamba umewaingiza mkono mfukoni. Watu kumi na wanne wakipumuliana hawaoni neno. Upepo ndio adui.)

Kwenye kundi la WhatsApp nikaandika kwamba mama anaumwa, niko Mombasa. Mama mzima wa afya, anakaanga viazi karai Likoni, mimi namlaza kitandani kwa ujumbe wa simu. Wakachanga. Zikanijia shilingi 4,300 kwa M-Pesa, kila aliyetuma kaandika "pole sana". Sikuzirudisha. Nilizinunulia mayai na maziwa, nikanenepa kwa huruma ya watu niliowadanganya.

Ukiwa mgonjwa nawe wapenda mbio, wachache wanaojua hawatakosa kukusimulia habari za Kipchoge Keino kule Mexico mwaka 1968. Alikuwa na matatizo ya nyongo, daktari kamkataza kukimbia, akaanguka kwenye mita 10,000 kwa maumivu. Wiki moja baadaye gari lake likakwama kwenye msongamano, akashuka akakimbia hadi uwanjani, akashinda mita 1,500 na kumwacha Mmarekani Jim Ryun mbali. Ni kweli tupu na naipenda. Mdogo wa bosi wangu, mmoja wa waliojua siri yangu, alinisimulia mara mbili ndani ya wiki moja, macho yakimng'aa. Ila nyongo haimwambukizi jirani kwenye matatu. Na Keino alikuwa na dakika tatu na nusu za kuvumilia. Mimi nilikuwa na miezi sita, na kazi yangu kubwa katika miezi hiyo ilikuwa kutokimbia.

Kutokimbia kuna mazoezi yake. Wiki ya kwanza nilitoka mlangoni hadi kwa mama mboga, hatua mia na kitu, nikaketi kwenye kreti lake la nyanya mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua au kusaidia kuuza. Baada ya wiki tatu nilifika barabarani. Mwezi wa nne wa dawa nilizunguka Jacaranda kwa miguu usiku, saa mbili, wakati nilipojua kundi liko nyumbani, nimevaa barakoa na kofia kama mwizi wa kuku. Niliikata tarehe kwenye kalenda ya ukutani kila nikimeza dawa. Kalenda ilipokwisha Desemba nilinunua nyingine, nikaendelea kukata.

Dozi niliimaliza Machi 2023. Makohozi yalikuwa safi. Picha ya kifua ilionyesha kovu juu ya pafu la kulia. Daktari alinipulizisha kwenye mashine, akasema upepo wangu umepungua kidogo na huenda usirudi wote, lakini nikimbie nikitaka, taratibu, nikisikia kubanwa nisimame. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kibandani nikawaambia.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilitoka sentensi mbili. Makanga mmoja akasema, "Eeh, hata mjomba wangu," akaendelea na mandazi. Mwalimu akanishika mkono. Dada wa saluni aliweka kikombe chini, kikiwa kimejaa.

"Ulijua lini?"

"Agosti."

"Agosti. Na mtoto wangu alikuwa na miezi kumi."

Akainuka akaenda zake. Kikombe hakiambukizi TB, ni hewa. Nililijua hilo, na ningeweza kumweleza, lakini ningeanzia wapi mimi kumfundisha mtu? Wiki ile ile alimpeleka mtoto, naye akapimwa. Wote wazima, alhamdulillahi. Hilo sikulisikia kwake, nililisikia kwa Mwalimu. Aliporudi mazoezini alihamia mbele, kwa wenye kasi, na baina yetu pakabaki "habari" na "nzuri". Sina malalamiko. Wako walioniambia amezidisha. Hao hawakuwa na mtoto mle garini. Zile 4,300 nilizirudisha kwa mweka hazina mwezi huo huo. Alizipokea akazihesabu mara mbili.

Kujiandikisha marathoni ya Oktoba 2024 kulikuwa kiburi, nakiri. Nusu nilikuwa nimekimbia zamani, nzima, kamwe. Kwa ajili ya kifua niliacha Outering Road na moshi wa malori yake, nikawa Jumamosi napanda matatu mbili hadi msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 90 usigawiwe wajenzi. Nauli, kiingilio, na asubuhi nzima imekwisha. Lakini udongo wa mle unapokea mguu vizuri, na hewa ya chini ya miti, sijui nikuelezeje, inaingia bila kubisha hodi. Kupanda ndiko kulikonitoa filimbi. Kovu langu lina mlio: nikizidisha kasi kilimani nasikia kitu kama birika linalokaribia kuchemka upande wa kulia, ndipo natembea. Nilikuja kulitegemea kuliko saa.

Julai kilomita zilinoga nikazirundika. Toka 40 kwa wiki hadi 65, bila kupumzika, kinyume na kila alichonifunza Mwalimu. Asubuhi moja nikashuka kitandani na kisigino cha kushoto kikakanyaga msumari. Msumari haukuwepo. Nilichechemea hadi mlangoni, maumivu yakalegea, nikapuuza. Kesho yake msumari ukawa palepale. Mwanzoni nilizisingizia dawa, maana miguu ilishawahi kunichoma wakati ule. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikandamiza unyayo kwa kidole gumba, mahali pamoja tu, nikapiga ukelele. Akasema dawa hazina kosa, kosa ni zile kilomita: ule utepe mnene unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni umevutwa kuliko uwezo wake.

Tiba yake haina fahari. Unasimama kwenye ngazi, vidole vya mguu juu ya taulo iliyoviringishwa, kisigino kikining'inia. Unapanda polepole ukihesabu tatu, unakaa mbili, unashuka tatu. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Jioni unaviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo. Friji sina, kwa hiyo nilimwomba mwenye duka wa ploti aniwekee chupa kwenye friza yake, katikati ya barafu za watoto. Kila jioni akiniona anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Sister, dawa yako imeganda!" Nilicheka peke yangu. Ugonjwa wa kwanza niliuficha hata chooni, huu wa pili ulikuwa na mtangazaji.

Zikabaki wiki nane. Mbio ndefu kuliko zote nilizofika ilikuwa kilomita 26. Kemisti mmoja alinishauri nichomwe sindano ya diclofenac, ya kutuliza maumivu, asubuhi ya mashindano, "utapaa tu." Nikamshukuru nikaondoka. Dawa za jamii hiyo, ukizichanganya na saa nyingi za jasho na upungufu wa maji, zinaweza kuziumiza figo. Na zaidi ya hapo, maumivu ndiyo yaliyokuwa yananiambia nipunguze wapi. Nikiyazima nitamsikiliza nani?

Siku yenyewe tulikusanyika Uhuru Gardens gizani, pale bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Baridi ya Lang'ata ilikuwa ya kweli. Watu wanarukaruka, wanapaka mafuta mapajani, mistari ya vyoo haiendi. Dada wa saluni nilimwona upande wa mbele. Habari. Nzuri. Saa kumi na mbili hivi tukaachiliwa.

Mpango wangu ulikuwa dakika nane nakimbia, mbili natembea, toka ya kwanza, kabla mwili haujaomba. Ni aibu kutembea kilomita ya kwanza ya marathoni, wazee wananipita, kijana mmoja ananiambia, "Mama, jikaze, bado mapema!" Ndiyo maana natembea, kijana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kwa pafu lililozaliwa Likoni hata bila kovu hewa huwa haitoshi. Southern Bypass nayo ni barabara ya hila: macho yanaiona tambarare, mapaja yanakwambia unapanda. Upande mmoja Kibra, watoto wamejipanga ukingoni wanataka kugonga viganja, upande mwingine msitu wa Ngong Road kimya. Waliotangulia walitupita wakirudi, hawagusi lami, na kwa muda mfupi nilisahau kwamba na mimi nashindana.

Kisigino kilitulia kilipopata moto. Kilomita ya 22 birika likaanza kuimba, nikageuza hesabu: sita nakimbia, nne natembea. Ya 30 jua likawa kali. Toka hapo sikumbuki mengi ila chumvi iliyokauka usoni, na mwanamume aliyekuwa akitembea kinyumenyume kwenye mteremko kwa sababu mbele kulimuuma.

Kilomita ya 34 nilimwona dada wa saluni ameinama, mikono magotini. Alikuwa ameanza kwa kasi ya wale wa mbele na imemlipa. Meza ya maji tuliyotoka kuipita ilikuwa imebaki na chupa tupu. Nilikuwa na yangu mkononi, nimechanganya paketi ya ORS, ile chumvi ya wanaoharisha, kwenye lita moja, nimeshainywa nusu. Nilisimama. Sikujua niseme nini, na yeye hakuniuliza. Aliichukua mkononi mwangu, akaweka mdomo, akanywa mafunda matatu, akakunja uso.

"Hii ni maji ama ni supu?"

"ORS."

"Chumvi mingi."

Akanywa tena. Akanirudishia, tukaanza kutembea, halafu kukimbia ule mwendo ambao si mwendo. Kwa kilomita kama mbili nilisikia pumzi yake pembeni, ile ile ninayoijua. Kisha akaanza kuchomoka, taratibu, wala hakugeuka. Nikamwacha aende, birika lilikuwa linaimba.

Nilimaliza wengi wameshavaa masweta. Niliketi kwenye nyasi nikashindwa kuinama kuvua viatu. Simu ikalia.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha, Mama."

"Kifua?"

"Kipo."

"Umetumia muda gani?"

"Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Hiyo ndiyo saa ya sasa hivi. Nauliza umetumia muda gani."

Nikatazama simu. Alikuwa amekosea kwa dakika chache tu. Ukianza mbio alfajiri, saa zetu za Kiswahili zinahesabu pamoja nawe. Nikamweleza, tulitoka saa kumi na mbili. Akanyamaza akipiga hesabu, nikisikia mafuta ya karai yakichemka nyuma yake.

"Saa tano nzima," akasema. "Mwanangu, treni ingekuwa ishakufikisha Miritini hapa Mombasa, ukaja ukala."